Saini ya Miaka Saba, Muhula wa Miaka Mitano

Tarehe 21 Septemba 2016, mchana, Giovanni Malagò alifika Campidoglio, kwenye ofisi ya meya wa Roma, akiwa na miadi. Alikuwa rais wa CONI, kamati ya Olimpiki ya Italia, na lililompeleka lilikuwa jambo moja: je, mji ule uendelee kuomba Olimpiki ya 2024 au uache? Akakaa, akangoja. Zilipopita dakika thelathini na ushei bila meya kutokea, yeye na wenzake wakainuka, wakaondoka. Haukupita muda Virginia Raggi akafika, akaketi mbele ya waandishi wa habari na kutangaza kwamba kusema ndiyo kungekuwa kutowajibika. Mji ulikuwa na deni la takriban euro bilioni 13, na alisema wakazi bado walikuwa wakilipia madeni ya Olimpiki ya 1960. Siku nane baadaye baraza la mji likapiga kura, 30 kwa 12, ombi likazikwa.

Mambo ya fedha yanajadilika, na mimi naamini Raggi alikuwa na hoja. Kinachonikaa moyoni ni ile nusu saa. Watu wawili waliopaswa kuusemea mji mmoja hawakuweza hata kuonana uso kwa uso. Na sababu yake haikuwa saa mbovu.

Ombi la Roma lilizinduliwa Desemba 2014 na Matteo Renzi, waziri mkuu wa wakati huo, wa chama cha Democratic. Meya wa siku hizo, Ignazio Marino, alikuwa wa chama hichohicho. Marino akaangushwa Oktoba 2015, tena na madiwani wa chama chake mwenyewe. Juni 2016 Raggi wa Vuguvugu la Nyota Tano akashinda umeya kwa kishindo cha theluthi mbili za kura, na Olimpiki alikuwa ameipinga tangu kwenye kampeni. Renzi naye alikuwa anajiandaa kwa kura ya maoni ya katiba ya Desemba 2016, kura ambayo aliifanya iwe ya kufa na kupona kwake kisiasa, na kweli ikamng'oa. Hebu jiweke kwenye nafasi ya meya wa upinzani, miezi miwili na nusu kabla ya kura hiyo. Ombi limepewa sura ya Renzi tangu siku ya kwanza. Kulikubali ni kumbeba Renzi mgongoni. Kulikataa ni kumpiga teke hadharani, na mahesabu ya mji yanakuunga mkono. Yupo mwanasiasa gani angekosa usingizi kwa uamuzi huo?

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Mji unapoomba kuandaa mashindano makubwa, wengi wetu tunatazama viwanja, hoteli na uwanja wa ndege. Lakini moyo wa faili lile ni karatasi za dhamana. Serikali inaahidi kwa saini kwamba itafidia hasara, itatoa ulinzi, itasamehe kodi kwa vifaa vinavyoingia, itatoa viza bila usumbufu, itamaliza viwanja kwa tarehe fulani. Kwa desturi ya miaka mingi Olimpiki ilitolewa miaka saba kabla ya kufanyika. Kombe la Mataifa ya Afrika hutolewa miaka michache kabla. Muhula wa rais au meya ni miaka minne, mitano. Kwa hiyo saini ile, tangu wino haujakauka, ni deni ambalo huenda likalipwa na mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni yule anayekupinga leo. Wakaguzi wanalijua hilo. Wanapozunguka mji na kofia zao ngumu wakipima nyasi, wanataka pia kujua kama mpinzani atakayeshinda kesho ataiheshimu karatasi ya jana.

Nairobi ililijua jambo hilo kwa machungu yake.

Kenya ilikuwa imepewa CHAN ya 2018, michuano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Uchaguzi mkuu ukafanyika tarehe 8 Agosti 2017. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais, jambo ambalo hadi wakati huo halikuwa limewahi kutokea Afrika. Nchi ikaingia kwenye kampeni za marudio, kambi mbili zikitazamana kama majogoo, na katikati ya hali hiyo wakaguzi wa CAF, shirikisho la soka Afrika, wakatua Nairobi. Kati ya viwanja vinne vilivyohitajika waliona kimoja tu kilicho tayari, Kasarani. Tarehe 23 Septemba, huko Accra, kamati ya utendaji ya CAF ikaipokonya Kenya mashindano. Morocco wakayachukua, wakayaandaa, na Februari 2018 wakalinyanyua kombe lenyewe baada ya kuifunga Nigeria 4-0 Casablanca.

Walikuwepo waliosema siasa isisingiziwe, kwamba viwanja havikuwa tayari na basi. Sikubaliani nao. Kutokuwa tayari kwa viwanja ndiyo siasa yenyewe. Mwaka 2013 Jubilee, muungano wa Uhuru Kenyatta, waliingia madarakani na ahadi ya viwanja vipya vitano, Kisumu, Mombasa, Nakuru, Eldoret na Garissa. Ilikuwa ahadi ya kampeni, na ikabaki kuwa mali ya kampeni, inatolewa kabatini kila msimu wa kura kisha inarudishwa. Miaka minne baadaye hakuna hata kimoja ambacho CAF wangeweza kukitia kwenye ratiba. Uwanja ukijengwa kwa jina la mrengo, mrengo wa pili hauoni sababu ya kuuliza umefika wapi. Utauliza tu ili kudhihaki. Na anayedhihakiwa naye atajitetea kwa maneno badala ya saruji.

Kuna jambo la mwaka ule ambalo nadhani halikupewa uzito. Kasarani, kiwanja kimoja kilichokuwa tayari, hakikukaa bure. Tarehe 28 Novemba 2017 Uhuru Kenyatta aliapishwa pale kwa muhula wa pili, na nje ya milango polisi wakawafyatulia gesi ya machozi wafuasi waliokuwa wakisukumana kuingia. Wiki ambayo CHAN ilikuwa kwenye nusu fainali kule Morocco, tarehe 30 Januari 2018, mpinzani wake mkuu, Raila Odinga, naye aliapishwa na wafuasi wake Uhuru Park kuwa rais wa wananchi. Fikiria kama michuano ingekuwa Nairobi wiki ile. Timu nne hotelini, barabara zimefungwa, vituo vya televisheni vimezimwa na serikali. Handisheki ya Uhuru na Raila, yaani mapatano yao, ilikuja tarehe 9 Machi, na mashindano yalikuwa yamekwisha.

Si mara ya kwanza. Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996 lilikuwa letu pia. Likatuponyoka, likaenda Afrika Kusini, na picha ya Nelson Mandela akiwakabidhi Bafana Bafana kombe ikawa historia ya nchi nyingine.

Watu hupenda kusema michezo na siasa zisichanganywe. Sijui mji ambao umewahi kufaulu hivyo. London, ambayo wengi huitaja kama mfano wa maandalizi mazuri, ilichanganya vyote viwili kwa makusudi, tena mapema. Mwaka 2004 serikali ilikuwa ya Labour chini ya Tony Blair, na meya alikuwa Ken Livingstone, mtu wa mrengo wa kushoto hasa. Mwenyekiti wa ombi la Olimpiki ya 2012 akawa Sebastian Coe. Wengi wanamkumbuka Coe kwa mbio za mita 1,500, lakini alikuwa pia mbunge wa zamani wa Conservative na msaidizi wa karibu wa William Hague alipokuwa kiongozi wa upinzani. Labour walimpa mtu wa upinzani kiti cha mbele kabisa.

Tazama faida yake. Tarehe 6 Julai 2005, Singapore, London iliishinda Paris kwa kura 54 kwa 50. Machi 2007 waziri Tessa Jowell akatangaza bajeti ya pauni bilioni 9.3, zaidi ya mara tatu ya makadirio yaliyouzwa kwa wananchi. Kwingine kokote hilo lingekuwa dhahabu kwa upinzani. Waliuliza maswali makali, na walistahili kuuliza, lakini hawakuligeuza kuwa kaulimbiu ya kufuta mashindano, kwa sababu mtu wao ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Mwaka 2008 Livingstone akashindwa na Boris Johnson wa Conservative. Mwaka 2010 Labour wakatolewa serikalini. Jowell, sasa akiwa upinzani, akabakizwa kwenye bodi ya Olimpiki. Miaka saba, meya wawili, mawaziri wakuu watatu, vyama viwili vikipokezana, na kijiti hakikudondoka.

Hawakuwa wakipendana. Livingstone na Johnson walishambuliana bila huruma. Kilichowasaidia ni kwamba kila kambi ilikuwa na mtoto wake ndani ya nyumba ile, na hakuna anayechoma nyumba aliyolala mwanawe.

Sasa turudi Italia, maana kuna sura ya pili inayonisikitisha kuliko ya kwanza. Miaka miwili tu baada ya Raggi kuikataa Olimpiki ya kiangazi, Italia ikataka ile ya majira ya baridi ya 2026. Miji mitatu ikajitokeza: Milan, Cortina na Torino. Meya wa Torino, Chiara Appendino, alikuwa wa Nyota Tano, chama cha Raggi, na yeye aliitaka Olimpiki huku madiwani wake wenyewe wakimvuta shati. Milan ilikuwa ya Giuseppe Sala, wa mrengo wa kushoto wa kati. Nyuma ya Cortina alisimama Luca Zaia wa Lega, gavana wa Veneto. Serikali ya Roma ilipojaribu kuwaunganisha watatu hao hawakupatana juu ya nani atangulie kutajwa na nani apate nini. Septemba 2018 waziri mdogo Giancarlo Giorgetti akaliambia Seneti kwamba ombi la miji mitatu limekufa. Torino ikatoka. Milan na Cortina wakaendelea, na Juni 2019 wakaishinda Stockholm kwa kura 47 kwa 34.

Ushindi, sivyo? Lakini Torino ndiyo iliyoandaa Olimpiki ya 2006. Katika milima ya mkoa wake, Cesana, ilikuwepo njia ya mbio za bobsleigh, vigari vya kuteleza kwenye barafu, iliyojengwa kwa ajili ya mashindano yale, imefungwa, inahitaji ukarabati. Cortina nayo ilikuwa na njia ya zamani iliyochakaa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilishauri Italia isijenge mpya, itumie njia iliyopo hata kama iko nchi jirani. Cortina ikajengewa mpya, kwa zaidi ya euro milioni 100, kwa mchezo ambao wanaoucheza Italia nzima ni wachache. Wahandisi watakupa sababu zao. Mimi ninaona zege lililomwagwa kwa sababu gavana mmoja na mji mwingine hawakuweza kugawana sifa. Ugomvi wa wanasiasa una bei, na bei hiyo hupimwa kwa tani.

Upo pia upande wa pili wa shilingi, na siwezi kuuruka. Wakati mwingine mpinzani ndiye peke yake anayemtetea mlipa kodi. Budapest mwaka 2017, kikundi cha vijana kiitwacho Momentum kilikusanya saini zaidi ya 266,000 kudai kura ya maoni kuhusu Olimpiki ya 2024, wakihoji kwa nini pesa ziende kwenye viwanja na si hospitali. Serikali ya Viktor Orbán haikuthubutu kwenda kwenye kura. Ombi likaondolewa Februari mwaka huohuo, na Momentum wakawa chama. Kule Denver, Marekani, hadithi kama hiyo ilishatokea mwaka 1972: mji ulikuwa umeshapewa Olimpiki ya majira ya baridi ya 1976, wapiga kura wa Colorado wakakataa kutoa pesa, michezo ikahamia Innsbruck, na Richard Lamm, mwanasiasa aliyeongoza upinzani ule, akachaguliwa gavana mwaka 1974. Watu hawa walijijenga kisiasa kwa kukataa. Haimaanishi walikosea. Kilichowapa nguvu ni kwamba mji uliingizwa kwenye ahadi bila kuulizwa, na swali lisilojibiwa mapema hurudi likiwa na kelele zaidi.

Kati ya miji mitano iliyoanza safari ya kuiomba Olimpiki ya 2024, Hamburg ilijitoa kwa kura ya maoni, Roma kwa meya mpya, Budapest kwa saini za vijana. Zikabaki Paris na Los Angeles. Kamati ya Olimpiki, kwa hofu ya kukosa waombaji siku za mbele, ikazipa zote mbili, moja 2024 na nyingine 2028.

Hayo ya mbali yananihusu kwa sababu ya yale niliyoyaona Kasarani mwezi Agosti 2025.

CHAN ilirudi kwetu, safari hii kwa ubia wa Kenya, Tanzania na Uganda, ikafunguliwa Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, tarehe 2 Agosti. Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 25 Juni na 7 Julai, Nairobi ilikuwa na maandamano na vifo. Machi mwaka huo Rais William Ruto na Raila Odinga walikuwa wametia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja pale KICC, ukumbi wa mikutano wa Nairobi, na kwa hesabu za zamani za siasa ya Kenya hilo lingetosha. Mpinzani mkubwa yuko ndani, mji utatulia, mashindano yaendelee. Tarehe 10 Agosti Kenya ikaifunga Morocco 1-0, na nilikuwa kwenye jukwaa la mashariki nikipiga kelele hadi sauti ikakauka. Bao lilikuja kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili, Kenya ikiwa na wachezaji kumi, umati ukaanza kuimba. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa timu. Wa pili ulikuwa neno moja, linapigwa kama ngoma kutoka safu hadi safu: wantam, wantam, wantam. Muhula mmoja tu, Ruto aondoke. Kijana aliyekuwa mbele yangu amejipaka rangi za bendera usoni aliimba mikono juu, machozi ya furaha ya bao yakiwa hayajakauka. Kwake hakukuwa na mgongano wowote. Alikuwa anaipenda Kenya kwa nyimbo zote mbili.

Pale nilielewa kwamba mbinu ya London haitatutosha kama ilivyo. Coe alikuwa na chama. Raila alikuwa na chama. Unamjua, unampigia simu, unampa kiti, anasaini. Kijana yule hana ofisi, hana katibu mkuu, hana mtu aliyemtuma. Handisheki hufanywa na mwenye ofisi. Wapinzani wa leo Nairobi ni kizazi kizima ambacho kinashuku kila mkono unaonyooshwa, na kinashuku zaidi mikono miwili inaposhikana.

Umati ulikuwa umevunja milango mechi zile za kwanza, watu wakiingia bila tiketi, na CAF wakaiadhibu Kenya. Kasarani, unaochukua watu kama 48,000, ukapunguzwa hadi 27,000. Jioni ya mechi iliyofuata nilisimama kwa mama anayeuza jezi na bendera kando ya Thika Road. Meza yake ilikuwa bado imejaa na firimbi ya mwanzo ilikuwa imeshapulizwa. Nikamuuliza biashara iko vipi.

"Mkubwa, hao watu elfu ishirini waliofungiwa nje ndio mimi huuzia," akaniambia. "Wale wako VIP hawanunui kwangu."

Alikuwa amechukua mzigo kwa mkopo wa chama cha akina mama. Nilinunua skafu, na sikuwa na la kumwambia.

Milango ileile ya Kasarani ilirudi kwenye habari tarehe 16 Oktoba 2025, mwili wa Raila ulipopelekwa pale waombolezaji wauage. Polisi walifyatua risasi, na watu waliokuja kuaga mfu wakageuka marehemu. Wiki mbili baadaye ikawa zamu ya Dar es Salaam. Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, maandamano yalizuka, damu ikamwagika, mtandao ukazimwa na mji ukawekewa amri ya kutotoka nje. Ni mji uliofungua CHAN kwa shangwe miezi mitatu kasoro kabla yake. Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani, alikuwa ndani tangu Aprili kwa shtaka la uhaini, na chama chake, CHADEMA, walikuwa wameondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini maadili ya uchaguzi. Uganda nayo ilizima intaneti kwenye uchaguzi wake wa Januari 2026.

Hizi ndizo nchi tatu zilizopewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. CAF ilitoa uamuzi Cairo tarehe 27 Septemba 2023, zikiwashinda Misri, Senegal na Botswana. Ni mara ya kwanza kombe hilo kurudi Afrika Mashariki tangu Ethiopia 1976. Nilisherehekea siku ile na ningesherehekea tena. Viwanja vinainuka: Talanta hapa Nairobi, watu 60,000, kwa pesa za hati fungani ya zaidi ya shilingi bilioni 44. Arusha unajengwa uwanja wa watu 30,000 na ushei. Hoima, Uganda, nako wana wao. Kwa upande wa saruji hatujawahi kuwa karibu hivi.

Kwa upande wa saini ninaogopa. Tazama majina. Uwanja wa Arusha umepewa jina la Rais Samia Suluhu Hassan, naye bado yuko madarakani. Kasarani kwa jina rasmi ni wa Moi. Sina ugomvi na kuwaenzi viongozi, ila uwanja ukizaliwa na jina la aliye ikulu, mpinzani anaambiwa mapema kwamba pale si pake, na siku akiingia yeye ikulu hatakuwa na hamu ya kulipia taa. Na tazama mtandao. Tiketi za CHAN ziliuzwa kwa njia ya elektroniki. Mji ambao serikali yake inaweza kuzima intaneti kwa siku kadhaa haiwezi kumuahidi shabiki wa Senegal kwamba tiketi iliyo kwenye simu yake itafunguka mlangoni.

Kenya ina jambo lake la pekee. Kombe limepangwa kwa Juni na Julai 2027. Katiba yetu inaweka uchaguzi Jumanne ya pili ya Agosti, na mwaka huo ni tarehe 10. Fainali na kura vinapishana kwa wiki chache tu. Kampeni zitakuwa zimepamba moto timu zikiwa mazoezini.

Laiti ningekuwa na sauti kwenye kamati ya maandalizi, ningeomba mambo mawili kabla ya mengine yote. La kwanza, kila atakayetangaza nia ya urais aitwe mapema, apewe faili la dhamana asome, aseme hadharani kipengele gani atakiheshimu na kipi anakipinga, na gharama zichapishwe ili kijana wa jukwaa la mashariki azione kwa macho yake. Akikataa mtu, tujue sasa, si Julai. La pili ni dogo zaidi na ndilo linalonikosesha usingizi. Tarehe 6 Agosti 2022, Jumamosi ya mwisho ya kampeni, Ruto alifunga kampeni zake Nyayo na Raila akafunga zake Kasarani. Viwanja vyote viwili vilifurika, na asubuhi yake nyasi zilikuwa zimelala. Mwaka 2027 vyama vitavitaka tena, na wahusika wa CAF watakuwa wamevishika. Tume ya uchaguzi (IEBC), kamati ya maandalizi na vyama wakae sasa hivi meza moja na kalenda mkononi, waandike ni nani atakuwa Kasarani na Nyayo kila wiki kuanzia Mei hadi tarehe 10 Agosti, na kila mmoja atie saini yake chini ya ukurasa ule.